Mwambao wa Pwani kwa baiskeli: Njia, pepo na tahadhari

WENGI wauzuruo mwambao wa Kenya huuona kupitia dirisha la basi au matatu. Wachache huuzuru kwa baiskeli, nao hurudi na habari tofauti: harufu ya mbata zikianikwa juani, upepo mwanana juu ya daraja la Kilifi, na pia hofu ya lori lipitalo shubiri chache tu kutoka kwenye usukani.

Kutoka mpaka wa Lunga Lunga hadi Malindi ni takriban kilomita 220 za lami. Anayeendelea hadi Mokowe, gati la kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, huongeza kiasi kama hicho. Nchi kwa jumla ni tambarare, isipokuwa miteremko na vilima vifupi karibu na hori na mito.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba barabara kuu haiandami ufuo. Kwa sehemu kubwa hupita bara kidogo, kwa sababu ya hori, mikoko na miamba ya matumbawe. Atakaye kuiona bahari hana budi kukata kona mara kwa mara na kufuata njia za vijijini. Kwa hiyo safari hii haipimwi kwa kilomita pekee. Siku nne au tano kati ya Lunga Lunga na Malindi si nyingi.

PEPO NA MISIMU

Elimu ya manahodha humfaa mwendesha baiskeli pia. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini tangu Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Baiskeli haina tanga, lakini mwili na mizigo ya msafiri hushika upepo vivyo hivyo. Kupambana na kusi kutwa nzima huchosha kuliko kupanda mlima.

Anayeelekea kaskazini afadhali asafiri kati ya Julai na Septemba, mvua ya masika ikiwa imepungua, jua likiwa na huruma na kusi likimsukuma mgongoni. Anayeshuka kusini atafaidi kaskazi Januari na Februari, ingawa joto la miezi hiyo ni kali. Mei ni mwezi wa kuepuka, kwani njia za udongo hugeuka matope na magari hurusha maji yanayoficha mashimo.

Katika msimu wowote, safari ianze saa kumi na mbili asubuhi, isimame kabla ya saa tano, na iendelee baada ya alasiri. Giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni.

KUSINI: LUNGA LUNGA HADI LIKONI

Sehemu hii ya kiasi cha kilomita 100 ndiyo tulivu zaidi. Kutoka barabara kuu, njia ya kilomita zipatazo 15 huteremka hadi Shimoni, penye mapango yanayohusishwa na biashara ya watumwa. Mbele yake kuna kisiwa cha Wasini na Mbuga ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Baiskeli huachwa bara, na msafiri huvuka kwa mashua.

Mbele ya Msambweni kipo kijiji cha Gazi. Wanakijiji wameilinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, ambao huuza hati za kaboni na kutumia mapato kwa mahitaji ya jamii kama maji na shule. Wanawake wa Gazi wana daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko hiyo.

Huko Kinondo na Diani, njia ya ndani ni tamu kuliko barabara kuu. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni huingia kwa kuongozwa, akiwa amejifunga kaniki, na huheshimu miiko ya wazee. Diani kwenyewe, mbega huvuka juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizotundikiwa ili wasigongwe na magari.

Maji yakipwa, mchanga wa Diani hushupaa kiasi cha kupitisha baiskeli. Msafiri aulize wavuvi saa za maji kujaa kabla ya kushuka ufuoni, na jioni aioshe baiskeli kwa maji baridi. Chumvi hula cheni na spoku kwa siku chache tu.

Likoni, mwendeshaji hushuka na kuikokota baiskeli feri akiwa pamoja na waendao kwa miguu. Afadhali aepuke asubuhi na jioni, saa za watu kwenda na kutoka kazini. Barabara ya Dongo Kundu huwezesha kuizunguka feri, lakini ni ndefu na ina magari mazito ya bandari.

KASKAZINI: MOMBASA HADI MALINDI

Kilomita hizi zipatazo 120 zina mandhari tele na hatari tele. Kutoka daraja la Nyali hadi Mtwapa na kwingineko kuelekea Kilifi, msongamano ni mkubwa, na kazi ya kupanua barabara katika miaka ya 2020 imeleta vumbi na njia za mchepuko. Anayetoka Mombasa Jumapili alfajiri hupata nafuu kubwa.

Karibu na Mtwapa yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulioachwa kando ya bahari. Baada ya mashamba ya mkonge ya Vipingo na njia ya kwenda Takaungu, hufuata magofu ya Mnarani na daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991 na kuondoa haja ya feri. Hapo ndipo penye mandhari bora ya hori katika safari nzima.

Kuvuka Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, huwa upande wa kushoto, na hori ya Mida kulia. Gede, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2024. Hapo ndipo njia ya Watamu huanzia. Malindi kuna mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga huko 1498.

KUELEKEA LAMU

Sehemu ya Malindi, Garsen, Witu na Mokowe imetiwa lami yote, lakini si ya kila mtu. Vijiji viko mbalimbali, maji ni haba, na wanyamapori huvuka njia. Zaidi ya hayo, eneo hili limeshuhudia mashambulizi, likiwemo la Mpeketoni mnamo Juni 2014 lililoua zaidi ya watu 60. Kwa miaka iliyofuata mabasi yalisindikizwa na polisi. Msafiri apate kwanza ushauri wa polisi Malindi au Garsen. Akiambiwa asiende peke yake, apakie baiskeli kwenye basi. Si aibu.

Lamu yenyewe, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, ina vichochoro vya watu na punda. Huko miguu inatosha.

USALAMA NA VIFAA

Adui mkuu wa mwendesha baiskeli ni ukingo wa lami. Mahali pengi umemeguka, na kushuka ghafla kutoka lamini huangusha. Lakini kung'ang'ania lami wakati magari mawili yanapishana ni hatari zaidi. Ndiyo maana kioo cha kuonea nyuma, kilichofungwa upande wa kulia, kina thamani kuliko gia kumi: humpa mwendeshaji nafasi ya kupunguza kasi na kutoka barabarani kwa hiari yake. Kofia ngumu, fulana ya kuakisi mwanga, na taa mbele na nyuma ni lazima.

Fundi baiskeli hapatikani kwa shida. Karibu kila soko lina wake chini ya mwembe. Hata hivyo, vipuri vyake ni vya baiskeli za kawaida, hasa za magurudumu ya inchi 26 na 28. Mwenye baiskeli ya aina nyingine abebe tyubu, tairi na spoku zake mwenyewe, pamoja na pampu, viraka na spana.

Chakula si tatizo. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai njiani na madafu kila kituo humfikisha mtu mbali. Maji yasipungue lita tatu kwa nusu siku, na kaskazini mwa Malindi yawe maradufu.