Uwazi na Utoaji wa Taarifa katika Elimu ya Kujiendeleza ya Vyuo Vikuu vya Umma

Elimu ya kujiendeleza ni mafunzo yanayotolewa na vyuo vikuu kwa watu walio kazini au katika shughuli za uzalishaji, kwa kawaida kwa siku, wiki au miezi michache. Ada hulipwa na mshiriki mwenyewe au mwajiri wake, na huingia katika mapato ya ndani ya chuo. Kwa kuwa chuo cha umma husimamia fedha hizo kwa niaba ya wananchi, kinawajibika kuzitolea taarifa.

Wajibu huo huanza kabla ya malipo. Tangazo la kozi linapaswa kueleza ada, muda, sifa za kujiunga na aina ya cheti. Cheti cha kuhudhuria mafunzo si sawa na stashahada au shahada, ambayo programu yake huhitaji ithibati ya mamlaka husika. Kwa upande wa shahada, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Mtumishi asiyeelezwa tofauti hiyo mapema anaweza kutumia akiba yake kupata cheti ambacho hakitamsaidia kupanda cheo.

Malipo kwa taasisi za umma hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa kielektroniki wa Serikali wa kukusanya mapato. Kila malipo huacha kumbukumbu inayoweza kulinganishwa na orodha ya washiriki. Fedha taslimu anazokabidhiwa mratibu wa kozi haziachi kumbukumbu hiyo.

Mwaka wa fedha wa Serikali huishia tarehe 30 Juni. Kozi inayoanza Mei na kumalizika Agosti huangukia miaka miwili ya fedha, hivyo ada ya sehemu ambayo bado haijafundishwa haipaswi kuhesabiwa kuwa mapato ya mwaka unaoisha. Chuo bado kina deni la huduma kwa washiriki.

Baada ya hesabu kufungwa, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikagua kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Ripoti yake huwasilishwa kwa Rais, kisha bungeni, ambako hujadiliwa na kamati za kudumu zinazosimamia fedha za umma.

Hata hivyo, jumla ya mapato peke yake haimwonyeshi mwananchi iwapo mafunzo yalitolewa ipasavyo. Taarifa kamili hutenganisha kila kozi na kuonyesha waliojiandikisha, waliomaliza, ada iliyokusanywa na gharama za uendeshaji. Waliolipa wakiwa wengi na waliomaliza wakiwa wachache, uongozi wa chuo hupata swali linalohitaji majibu.

Mwananchi anaweza pia kuomba taarifa moja kwa moja. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara, inazitaka taasisi za umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Maombi huwasilishwa kwa maandishi, yakieleza taarifa inayohitajika kwa kiwango kitakachomwezesha ofisa husika kuitambua.