Utaalamu Uliotiwa Katika Mashine

Utaalamu ni mali isiyofanana na mali nyingine. Nyumba, shamba na fedha hubaki baada ya mwenyewe kufariki, na warithi wakagawana. Lakini utaalamu usiofundishwa hushuka kaburini pamoja na aliyekuwa nao. Waunda majahazi na wahunzi walilifahamu jambo hili tangu kale, na kwa sababu hiyo kila fundi mwenye busara alimweka mwanafunzi kando yake, akamwonyesha kwa mkono yale ambayo ulimi haukuweza kuyaeleza. Katika karne ya 20 makampuni makubwa ya Marekani yalikutwa na shida hiyo hiyo. Mabingwa wao walikuwa wachache, kazi zilikuwa nyingi, na wazee walikuwa wakistaafu. Makampuni hayo yakatafuta mwanafunzi asiyechoka, asiyesahau wala asiyehama kazi, yakadhani yamempata katika kompyuta. Mwanafunzi huyo aliitwa mfumo wa utaalamu. Siku za fahari yake hazikuwa nyingi, walakini historia yake ina funzo kubwa: kununua chombo cha kuhifadhia maarifa ni rahisi kuliko kuyatunza maarifa yenyewe.

Yafaa kwanza kueleza mfumo huo ulikuwa kitu gani. Programu ya kawaida ya kompyuta hufuata njia iliyonyoshwa na mwandishi wake tangu mwanzo hata mwisho. Mfumo wa utaalamu uligawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa hazina ya kanuni, kila moja ikisema: ikiwa hali ni hii na hii, basi hukumu ni hii. Sehemu ya pili ilikuwa kitoa-hoja, kilichotazama mambo yaliyokuwapo, kikateua kanuni iliyostahili, kikaitumia, kikaendelea kwa nyingine mpaka jibu likapatikana. Faida iliyotarajiwa ni kwamba kanuni mpya ingeweza kuongezwa bila ya kubomoa kazi nzima. Juu ya hayo, mashine iliweza kuulizwa sababu ya hukumu yake, ikazitaja kanuni ilizozifuata.

Mifumo hiyo haikuzaliwa sokoni bali chuoni. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Edward Feigenbaum na Joshua Lederberg walianza kazi ya DENDRAL, programu iliyowasaidia wanakemia kutambua umbo la molekuli. Katika miaka ya 1970 Edward Shortliffe alitunga MYCIN katika chuo hicho hicho, ikiwa na kanuni mia kadhaa za kutambua maradhi ya bakteria na kuchagua dawa. Ilipopimwa, mashauri yake yalishindana na ya waganga mabingwa, ijapokuwa haikupata kutumiwa hospitalini katika kazi za kila siku. Lakini ndani ya MYCIN mlikuwa na siri iliyowavutia wafanyabiashara. William van Melle aliziondoa kanuni zote za uganga, akabakiza kitoa-hoja peke yake, akakiita EMYCIN. Watu wa fani hiyo waliita chombo cha namna hiyo ganda: yai limetolewa, ganda limebaki, na kila mwenye maarifa yake aweza kuyatia humo. Tangu hapo ganda likawa bidhaa. Kampuni ya Teknowledge iliundwa mwaka 1981; IntelliCorp ikauza chombo kiitwacho KEE, na Inference Corporation ikauza kiitwacho ART. Ndipo makampuni yasiyokuwa na wanazuoni yalipoanza kujiuliza lipi la kununua.

Mfano ulioitia dunia tamaa haukutoka katika maganda hayo, bali ulitoka katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyotengeneza kompyuta. Kompyuta zake za aina ya VAX hazikuuzwa kama viatu, ambavyo mnunuzi huchukua jozi akaenda zake. Kila mteja alichagua vipande alivyovitaka, na vipande hivyo vilikuwa vingi: kumbukumbu, diski, kabati, nyaya na mitambo ya umeme. Agizo lililosahau waya mmoja lilimfikia mteja pungufu, na kampuni ikalazimika kukitoa bure kilichokosekana. Mafundi wachache tu walijua kulisoma agizo na kusema kama vipande vyake vitakubaliana. Majaribio mawili ya kuiandika kazi hiyo kwa lugha za kawaida za kompyuta, FORTRAN na BASIC, yalishindwa. Sababu haikufichika. Maarifa ya mafundi hayakuwa njia moja iliyonyoka. Yalikuwa mamia ya vijambo vidogo vidogo, na kila kompyuta mpya ilileta vingine.

Mwaka 1978 John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliianza kazi hiyo kwa namna nyingine. Alitumia lugha za kanuni zilizotungwa chuoni kwake na Charles Forgy, ambazo iliyojulikana zaidi ni OPS5. Forgy alikuwa amebuni njia ya kuifanya mashine isizipime kanuni zote upya kila mara jambo moja lilipobadilika. Pasipo hila hiyo, maelfu ya kanuni yangaliikwamisha kompyuta. Mfumo wa McDermott uliitwa R1 chuoni, na kiwandani ukaitwa XCON. Ulianza kutumika mwaka 1980 katika kiwanda cha Salem, New Hampshire. Mwanzoni ulikosea si haba, lakini watu walikuwapo wa kuurekebisha, na kila kosa likawa kanuni mpya. Kufikia mwaka 1986 ulikuwa umeshughulikia maagizo 80,000, na usahihi wake ulitajwa kuwa baina ya asilimia 95 na 98. Kampuni ilikisia kuwa uliiokolea dola milioni 25 kwa mwaka.

Habari hizo ziliposikika, makampuni mengi yaliitazama faida yasitazame gharama. Ukiona vyaelea, vimeundwa. XCON ilielea kwa kuwa Digital ilikuwa na chuo kikuu upande mmoja, na upande wa pili kundi la wafanyakazi wake wenyewe ambao kazi yao ilikuwa kuitunza tu. Kanuni zilizoanza kwa mamia zilipita 2,000, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 zilikuwa maelfu mengi zaidi, na kwa kuwa bidhaa zilibadilika bila ya kukoma, sehemu kubwa ya kanuni ilihitaji kuandikwa upya mwaka baada ya mwaka. Kanuni moja iliyogeuzwa iliweza kuzigusa nyingine ambazo hapana aliyezikumbuka. Ilibidi itungwe taratibu maalumu ya kuziandika na kuzipanga, ili mtunzaji mpya aelewe aliyemtangulia alikusudia nini. Basi ile ahadi ya kwanza, kwamba kanuni huongezwa bila ya kubomoa, ilikuwa kweli kwa kanuni 100, na ikapungua ukweli kila hazina ilipokua.

Kampuni ya Campbell Soup, inayotengeneza supu za makopo, ilikuwa na shida ya sura nyingine. Viwanda vyake vilitumia mitambo mirefu ya kupikia makopo kwa mvuke ili kuua vijidudu. Mtambo mmoja ukisimama, chakula kingi huharibika na kazi yote nyuma yake husimama. Alikuwapo mhandisi mmoja aliyeijua mitambo hiyo kwa zaidi ya miaka 40, ambaye aliitwa huku na huko kila palipotokea kasoro ngumu. Naye alikuwa karibu kustaafu. Kampuni haikuhitaji maelfu ya kanuni wala mashine ya thamani kubwa. Kwa msaada wa Texas Instruments ilitumia ganda dogo liitwalo Personal Consultant, lililoweza kukaa katika kompyuta ya mezani. Mahojiano na mzee huyo yalichukua miezi, na matokeo yake yalikuwa kanuni takriban 150, zikapelekwa viwandani kuanzia mwaka 1985. Hapa chombo kilichaguliwa kulingana na kipimo cha jambo. Maarifa yalikuwa ya mtu mmoja, yenye mipaka iliyojulikana, juu ya mtambo usiobadilika upesi. Na mtumiaji alikuwa fundi wa kiwandani, si mwanazuoni.

Kazi ngumu katika jambo hilo haikuwa ya mashine bali ya mazungumzo. Mhandisi wa maarifa, kama alivyoitwa mwandishi wa kanuni, alikaa mbele ya bingwa akimwuliza: unatazama nini kwanza, na kwa nini si kile? Kuuliza si ujinga, lakini kujibu nako si kwepesi. Bingwa aliyezoea kazi husema, “Nikisikia mlio wake hujua.” Mlio gani? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana mengi ayajuayo fundi yamekaa mikononi na masikioni, hayakupata kuvikwa maneno. Feigenbaum alikuwa amekwisha kuonya kwamba kuyapata maarifa kutoka kwa mabingwa ndiyo shingo nyembamba ya kazi hii yote. Kampuni iliyonunua ganda zuri bila ya kumpa bingwa wake nafasi na muda ilikuwa imenunua mtungi bila ya maji.

American Express nayo ilifundisha jambo la tatu. Kadi yake haikuwa na kiwango cha matumizi kilichotangazwa, hivyo malipo yasiyo ya kawaida yalihitaji mtu wa kuamua kwa haraka kama yaruhusiwe au yakataliwe. Mfumo ulioitwa Authorizer's Assistant ulitungwa kwa ART katika miaka ya 1980. Ulikusanya habari za mteja, ukatoa shauri na sababu zake, na hukumu ikabaki kwa mfanyakazi. Lakini habari za wateja zilikuwa ndani ya kompyuta kubwa za IBM, ilhali ART ilikaa katika mashine za namna nyingine kabisa. Kuziunganisha hizo mbili ilikuwa sehemu kubwa ya kazi. Tangu hapo wanunuzi wenye hadhari waliweka mbele swali ambalo wauzaji walipenda liwe la mwisho: je, chombo hiki kitazungumza na mashine tulizo nazo?

Kampuni ya Du Pont ilishika njia iliyo kinyume na ya Digital. Haikuunda mfumo mmoja mkubwa chini ya jopo la mabingwa wa kompyuta. Iliwafundisha wahandisi na wafanyakazi wake kutumia maganda madogo ya bei nafuu, kila mmoja akaandika kanuni za kazi yake mwenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mifumo hiyo ilihesabiwa kwa mamia, na mingi ilikuwa midogo. Mmoja ukishindwa, hasara yake ilikuwa ndogo. Na aliyeutunga alikuwapo pale pale kuurekebisha, maana bingwa, mwandishi na mtumiaji walikuwa mtu mmoja. Haidhuru kwamba ganda lake halikuwa na mapambo.

Mapambo hayo ndiyo yaliyowaponza wengi. Vyombo vikubwa kama KEE na ART viliandikwa kwa lugha ya Lisp, na katika siku zao za mwanzo vilitumia mashine maalumu zilizouzwa na makampuni kama Symbolics. Kompyuta za kawaida zilipopata nguvu kwa bei ndogo, mashine hizo zilikosa sababu ya kununuliwa. Soko lake likaporomoka mwaka 1987, na Symbolics ikafilisika katika miaka ya 1990. Aliyekuwa ametia maarifa yake katika mashine hizo alijikuta ameyahifadhi katika sanduku ambalo fundi wake amefunga duka. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limeiona hatari hiyo mapema. Mnamo katikati ya miaka ya 1980, watu wa kituo chake cha Johnson waliona kuwa vyombo vya Lisp ni ghali, havipatikani katika kompyuta nyingi, wala haviungani vyema na programu nyingine. Wakatunga chombo chao wenyewe, CLIPS, kwa lugha ya C iliyokuwa ikienea kila mahali. Kikatumiwa na wengi nje ya NASA, na kingali kikitumika, ilhali vingi vilivyokipita kwa fahari vimesahauliwa.

Haikosi msomaji amekwisha kuona kwamba habari hizi zote zinarudi mahali pamoja. Digital, Campbell, American Express na Du Pont hazikuchagua chombo kimoja, na si lazima kuwa mmoja wao alikosea. Kila moja ilijua maarifa yake yako kwa nani, hubadilika kwa kasi gani, na nani atayatumia. Waliopotea ni wale waliochagua chombo kwanza, kisha wakatafuta shida ya kukitilia. Wengine walimwona mhandisi wa maarifa kuwa mjenzi wa nyumba, ambaye hulipwa akaondoka. Kumbe ni mkulima, na magugu hurudi kila masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kanuni iliyoachwa bila ya kutazamwa huendelea kuhukumu mambo ya leo kwa elimu ya jana, tena kwa sauti ile ile ya uhakika.

Jina la mifumo ya utaalamu lilipoteza heshima katika miaka ya 1990, lakini kazi yake haikufa. Kanuni za namna ile ziliingia ndani ya programu za mabenki na bima, zikafanya kazi bila ya jina. Digital yenyewe ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na maelfu ya kanuni juu ya nyaya na makabati ya VAX yakawa elimu ya vitu visivyoundwa tena. Leo yamekuja mashine za namna nyingine, zinazojifunza kutokana na maandishi mengi badala ya kuandikiwa kanuni moja moja, na makampuni yanakimbilia kuzinunua kwa shauku ile ile ya miaka ya 1980. Maswali ya kale yanawangoja mlangoni. Maarifa haya yametoka kwa nani? Nani atayasahihisha yakichakaa? Na mzee atakapoondoka, je, amebaki kijana aliyefundishwa kiasi cha kujua kwamba mashine imekosea? Kampuni isiyoweza kulijibu swali hili la mwisho haijahifadhi utaalamu. Imeuahirishia mazishi yake.