Goma kwa miguu: kila kartie inasimulia nani alifika, na kwa sababu gani

Mji wa Goma una kartie 18. Saba ziko ndani ya komini ya Goma: Himbi, Katindo, Keshero, Lac Vert, Les Volcans, Mapendo na Mikeno. Kumi na moja ziko ndani ya komini ya Karisimbi: Bujovu, Kahembe, Kasika, Katoyi, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Majengo, Mugunga, Murara, Ndosho na Virunga. Wakaaji wengi tunazijua mbili ao tatu tu: ile tunamolala, ile ya soko, na ile ya kanisa ao shule. Zingine tunazipita juu ya moto, macho kwa mgongo wa motari, bila kuangalia kando.

Ndiyo maana kutembea kwa kikundi kuna faida. Siku ya posho, salongo ikiisha, ao siku ya Mungu asubuhi mapema, watu kumi ao ishirini wanakutana, wanachagua kartie mbili, na wanaenda polepole. Hakuna anayelipa. Kinachotakiwa ni viatu vigumu, maji ya kunywa, na kusalimia watu njiani. Katika kikundi ninachotembea nacho kuna wanafunzi, wamama wa soko, wazee waliozaliwa hapa, na wahami wa vita waliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo.

Mtu akitembea hivyo kutoka ziwani mpaka Mugunga, jambo moja linaonekana wazi: Goma imejengwa zaidi na watu waliofika kwa miguu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Familia ya wahami inayojiona imeingia katika mji wa wengine inapaswa kuijua historia hii. Na mkaaji wa zamani anayesema "hawa ni wageni" anapaswa kuikumbuka.

Ziwani: mji mdogo wa mpaka

Tuanzie chini, karibu na bandari na kilima cha Mont Goma. Upande huu Wabelgiji waliweka kituo chao, wakitazamana na Wajerumani waliokuwa Kisenyi, mji tunaouita leo Gisenyi, ng'ambo ya Rwanda. Wakubwa wa Ulaya walibishana juu ya mpaka huu mpaka mwaka 1910, walipopatana huko Brussels. Mstari wao ulipita kati ya watu waliokuwa wakiuziana mazao na kuoana. Wamama wanaopita kila siku Petite Barrière na vikapu vya mboga wanafuata njia iliyokuwapo mbele ya mpaka.

Angalia barabara za upande wa ziwa: ni pana, na nyumba zina bustani kubwa. Zilipangwa kwa ajili ya Wazungu. Wafanyakazi wao walilala mbali kidogo. Kwa miaka mingi Goma ilibaki mji mdogo, sababu mji mkubwa wa Kivu ulikuwa Bukavu. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa kuwa majimbo matatu, yaani Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Ofisi zikaongezeka, na nyuma ya ofisi wakaja wafanyabiashara, walimu, na watu wa vijiji waliotafuta kazi.

Birere: jina lisilo kwenye orodha

Ukiuliza njia ya Birere, hata mtoto atakuonyesha. Lakini tafuta Birere katika kartie 18, hutaiona. Ni jina la watu, si la ofisi, na linashika sehemu za kartie kadhaa, kama Mikeno na Mapendo. Wazee wanaeleza kwamba jina linatokana na majani makavu ya migomba ambayo watu wa kwanza walitumia kufunika nyumba zao. Kwa hiyo jina lenyewe ni kumbukumbu: wale waliojenga hapa hawakuwa na manjanja wala mbao. Leo ni mahali pa biashara kubwa zaidi mjini, na asili yake ni makao ya maskini.

Birere ina huzuni yake pia. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia yake, ikaangukia nyumba na maduka ya watu. Ili kuelewa sababu moja ya hatari ile, lazima tupande kidogo kuelekea kiwanja cha ndege, na turudi nyuma mpaka mwaka 2002.

Njia ya lava

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka upande wa kusini. Lava ilishuka, ikafunika sehemu ya juu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Njia ya ndege ikabaki fupi kuliko zamani. Mji ulikatwa vipande viwili: wengine walikimbilia Gisenyi, wengine upande wa Sake. Waliokimbia walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na watu karibu 120 000 walibaki bila nyumba. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua.

Kwa miguu utaifuata lava ile bila kuuliza mtu. Kuna mahali ambapo barabara inapanda ghafla kama ngazi: hapo unakanyaga mwaka 2002. Kuna majengo ambamo vyumba vya chini vilizikwa, na dirisha la zamani likawa mlango. Kuta za parsele, misingi ya nyumba, hata ngazi za makanisa, zote ni mawe meusi yaliyovunjwa kwa nyundo na kupangwa tena. Kwa Lingala, mabanga ni mawe. Anayetembea Mabanga baada ya mvua ataona kwamba jina hilo linafaa.

Kitu kimoja wazee wanapenda kukisimulia: watu hawakukaa sana ng'ambo. Baada ya siku mbili tatu wengi walirudi, lava ikiwa bado moto chini ya viatu. Walirudi sababu waliogopa kupoteza parsele kuliko walivyoogopa mlima. Juu ya jiwe lililokuwa bado linatoa moshi, walisimamisha nyumba za mbao. Mji huu wote, katikati yake, ulijengwa upya na watu waliokuwa wakimbizi juma lililotangulia.

Majengo, Buhene na usiku wa 2021

Tukipanda mpaka Majengo na Virunga, tunaukaribia mlima. Nyiragongo ina urefu wa mita 3 470, na siku ya anga safi unaiona kama iko nyuma ya nyumba ya jirani. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililo juu yake lilimwagika kwa mbio sana, likaua watu vijijini, lakini halikufika mjini kati. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho jioni, lava ilishuka tena. Ilikata barabara ya Rutshuru, ikaunguza maelfu ya nyumba, ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliamuru wakaaji wa kartie 10 waondoke, sababu ya hofu kwamba moto ulikuwa unatembea chini ya mji. Watu walijaza barabara ya Sake, kilomita zaidi ya ishirini, godoro kichwani. Wakaaji wa Les Volcans na wa Majengo walitembea bega kwa bega. Wiki hizo, mkaaji wa Goma alilala darasani na kanisani kwa watu wa Sake na Minova, na waliompokea ni watu ambao baadaye, vita vilipozidi, walikimbilia Goma. Deni hili halikuandikwa popote, lakini lipo.

Mji usio na mto

Njiani utaona bidoni za manjano kila mahali, juu ya migongo, juu ya moto, juu ya chukudu. Sababu iko chini ya miguu yetu. Jiwe la volkano lina matundu. Mvua inanyesha nyingi, lakini maji yanazama. Ndani ya Goma hakuna mto. Maji yanapampiwa kutoka ziwani, na kartie za juu kama Majengo na Ndosho yanazifikia kwa shida. Ndipo unaelewa kwa nini chukudu, baiskeli hii ya mbao isiyo na pedali iliyoenea tangu miaka ya 1970, ilipewa sanamu kubwa katika rond-point ya mji. Imebeba maji, makala, viazi na kabichi kutoka mashamba ya mlimani. Na siku za kukimbia imebeba wazee na wagonjwa.

Mugunga: mahali pa kupokea

Upande wa magharibi tunapita Katindo, Keshero na Ndosho, mpaka Mugunga. Hapa historia ni nzito. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa karibu milioni moja waliingia Goma na pembeni yake kwa siku chache. Jiwe gumu lilikataa kuchimbwa choo, likakataa hata kuchimbwa kaburi. Maji safi hayakutosha. Kolera iliingia, na pamoja na magonjwa mengine ikaua watu wanaokadiriwa karibu 50 000 katika majuma ya kwanza. Kambi ya Mugunga ilivunjwa mwezi wa Novemba 1996.

Lakini Mugunga haikupumzika. Wakongomani waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru walijenga vibanda kwenye mawe yale yale kuanzia miaka ya 2007 na 2008, tena 2012, tena kuanzia 2022, pamoja na Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yaliingia mjini, na mwezi wa Februari kambi hizo zikabaki tupu. Kuna waliorudi vijijini, kuna waliokuta nyumba zao hazipo, na kuna wanaokaa leo ndani ya kartie, chumba kimoja kwa familia mbili. Kibanda kikivunjwa, mawe yake hubaki yamepangwa duara. Tunapopita hapo, wahami wa kikundi ndio wanaotuongoza: wanajua nani alilala wapi.

Tuseme pia ukweli mwingine. Goma haikukuta ardhi tupu. Upande wa kaskazini kulikuwa mashamba ya Wakumu, upande wa magharibi ya Wahunde, na mji ulipopanuka, mashamba yao yakawa avenyu. Kusema kwamba wengi tulifika kwa miguu si kuwanyima wenyeji heshima yao. Ni kukumbuka kwamba kuna waliotupokea, na kwamba anayepokewa leo anaweza kuombwa kupokea kesho.

Mazuku: somo la kuokoa uhai

Kuna jambo moja ambalo familia mpya inapaswa kujifunza haraka, na kutembea na wenyeji ndiyo shule yake. Upande wa Lac Vert, Bulengo, Mugunga na baadhi ya sehemu za Keshero, karibu na ziwa, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo hewa mbaya inatoka ardhini. Tunaiita mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wametwaa neno hili hili. Ni gesi ya kaboni. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini. Asubuhi na mapema, wakati hakuna upepo, inajaa zaidi. Inaua kwanza walio karibu na ardhi: mbuzi, kuku, mtoto anayecheza, mtu aliyelala chini.

Ukiona ndege ao panya wamekufa ndani ya shimo, usishuke. Ukiona mtu ameanguka mule, usiruke kumtoa peke yako. Ita watu, sababu wengi wamekufa wakijaribu kuokoa. Mbele ya kujenga kibanda ao kumtuma mtoto kuokota kuni, uliza mzee wa mahali: hapa kuna mazuku? Swali hilo halina haya.

Namna ya kutembea

Anayetaka kuanzisha kikundi katika avenyu yake hahitaji mengi. Mjulishe chefu wa kartie ao nyumba kumi, ili kikundi kisidhaniwe kitu kingine. Tembeeni mchana tu, na siku ambayo hali ya usalama si nzuri, bakini nyumbani. Msipige picha karibu na kambi za askari, kwenye mpaka wala kwenye kiwanja cha ndege. Mwendo uwe wa yule aliye mzito zaidi, mama mwenye mtoto ao mzee mwenye fimbo. Kila mtu ajue njia mbili za kutoka katika kartie yake, moja ya kuelekea Sake na moja ya kuelekea mpaka, sababu mwaka 2002 lava ilifunga moja na kuacha nyingine.

Na mkifika kwa mtu mzima aliyeketi mlangoni, msalimieni, kisha mumuulize maswali matatu: nani alijenga wa kwanza katika avenyu hii, alitoka wapi, na alikimbia nini? Vijana waandike majibu kwenye daftari. Wazee waliouona mwaka 1977 wanapungua kila mwaka, na majibu yao hayako katika ofisi yoyote.