Kivuli na Upepo: Historia ya Ngozi na Moshi Butere

Kabla harufu ya moshi haijawa sababu ya mteja kushusha bei ya mkoba, moshi ulikuwa mlinzi wa ngozi. Katika nyumba za Wamarama walionizaa, kilichostahili kudumu kiliwekwa juu ya mafiga: mbegu za mahindi darini, vibuyu, kamba, na ngozi za mbuzi na ng'ombe zilizosubiri kutandikwa. Kukhu, mama yake baba, alituambia mdudu hali kilichokula moshi.

Mimi ni fundi wa ngozi. Nashona viatu, mikoba na mikanda sokoni Butere, si mbali na stesheni ya reli. Kazi inayoniletea watu kutoka Khwisero, Yala na hata Mumias ni kutoa harufu ya moshi katika bidhaa za ngozi za mitumba. Wengi hudhani ni ujanja niliojifunza juzi. Sivyo. Ni ujuzi wa kale wa ngozi na moshi, ila sasa tunautumia kwa kurudi nyuma: wazee waliingiza moshi, sisi tunautoa.

Kukhu hakuwa na maneno ya kemia, lakini alichosema kina msingi. Moshi wa kuni hubeba fenoli na aldehaidi. Fenoli huwakatalia kuvu na bakteria. Aldehaidi hushikana na kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, na kuifanya isioze upesi. Wenyeji wa Amerika Kaskazini walilainisha ngozi kwa ubongo wa mnyama kisha wakaifukiza, ili ikilowa na kukauka ibaki laini. Moshi unaoshikana na ngozi kiasi hicho hauondoki kwa kupanguswa mara moja, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Ngozi ilitoka jikoni na kuwa bidhaa ya mbali wakati reli ilipofika. Reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi lake lilipita Maseno, Luanda na Yala likaishia hapa kwetu. Butere ikawa mwisho wa reli. Mahindi yalipakiwa, na ngozi mbichi zikapakiwa pia, kwa sababu kodi ya serikali ilidaiwa kwa fedha, na ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa ilikuwa njia mojawapo ya kuipata.

Wanunuzi walilalamikia ngozi za Afrika Mashariki. Nyingi zilikuwa zimetandazwa chini na kupigiliwa vigingi juani. Jua kali huipika ngozi mbichi: juu inakauka na kuwa ngumu kama ubao, ndani maji yamebaki na uozo unaendelea. Ikifika kiwandani na kulowekwa, inakatika. Kwa hiyo idara ya mifugo ya serikali ya kikoloni ilihimiza mabanda ya ngozi, yaani vibanda vyenye paa na pande zilizo wazi, ambamo ngozi ilitundikwa ikiwa imewambwa kwenye fremu, ikaushwe na upepo kivulini. Ngozi ya kivulini ilipata bei nzuri kuliko ya juani.

Baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi, alikuwa amewaona wazee wakianika hivyo. Hakunifundisha kutoa harufu kwa dawa. Alinifundisha kutafuta kivuli chenye upepo, kwa sababu yale yaliyookoa ngozi mbichi ndiyo yanayookoa mkoba uliokwisha kutengenezwa. Huo ndio uzi wa historia ninayoisimulia.

Wakati huohuo, moshi ulianza kubadilika maana. Misheni ya Kanisa la Anglikana ilianza Butere mwaka 1912 chini ya Walter Chadwick, na mwaka 1916 dada yake, Jane Chadwick, akaanzisha shule ya wasichana. Kwa wazazi wa baba yangu, nguo za ibada na za shule zilitenganishwa na za jikoni. Kiatu cha ngozi kilikuwa mali ya thamani, kikifungwa kwa kitambaa na kuwekwa chumba cha mbele. Mtu aliyeingia kanisani akinuka moshi alitajwa nyuma ya mgongo. Harufu iliyokuwa dalili ya nyumba yenye moto na chakula ikageuka alama ya mtu asiye na chumba cha pili. Naliona jambo hilo kuwa dhuluma, na nalisema wazi kila mteja mwenye haya anaponinong'onezea kwamba mkoba wake "una kuni".

Mitumba ilitanguliwa na makabuti ya jeshi, yaliyouzwa katika nchi nyingi za Afrika Mashariki baada ya vita vikuu. Kiatu kipya nacho kilipatikana: Bata walianza Kenya mwaka 1939, na kiwanda chao cha Limuru kikavalisha watoto wa shule vizazi kadhaa. Katika miaka ya 1980 serikali ilizuia mitumba ili kulinda viwanda vya nguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa, na marobota yakaanza kushuka kwa wingi kutoka Mombasa hadi Gikomba, kutoka Gikomba hadi Kibuye kule Kisumu, na kutoka Kibuye hadi kwetu. Anayefika wakati robota linafunguliwa huchagua kamera, vile vya kwanza visivyo na doa. Vinavyobaki mwisho ni fagia. Ngozi yenye harufu huangukia fagia hata kama mshono wake ni mzima, na fundi mwenye subira huinunua kwa bei nafuu.

Mwaka 2020 uingizaji wa mitumba ulisimamishwa kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watu wa Butere walitoa mikoba ya zamani kabatini na darini, wakaja nayo. Hapo nilitengeneza vitu vyenye moshi wa nyumbani kuliko wakati wowote mwingine.

Moshi unaotufikia ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa tumbaku, uliotoka ng'ambo ndani ya jaketi na mikoba. Huu hukaa zaidi kwenye bitana na sponji kuliko kwenye ngozi yenyewe. Ukipangusa bitana kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kitambaa hugeuka manjano. Wa pili ni wa kuni na wa viwanda vyetu vya sukari nguru, vinavyochoma makapi ya miwa. Huu huingia kwenye mafuta ya ngozi, kwa kuwa sehemu kubwa ya harufu hiyo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji.

Kwa hiyo utaratibu wangu una mpangilio ambao siubadilishi. Kwanza natoa kila kinachoweza kutoka: soli za ndani, kadibodi ya kitako cha mkoba, na bitana ikiwa imechakaa. Mara nyingi nusu ya harufu huondoka hapo. Kisha napangusa ngozi kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, chenye sabuni laini kidogo, baada ya kujaribu pembeni pasipoonekana. Maji ya majivu, ambayo mama zetu huyatumia kulainisha mboga za kienyeji, siyaruhusu yaguse ngozi. Ngozi iliyotengenezwa huwa na asidi kidogo, nayo majivu ni kinyume chake; huikausha na kuipasua. Magadi ya unga, yale ya mandazi, yanafaa yakiwa makavu ndani ya kifuko cha kitambaa, yakae tumboni mwa mkoba bila kugusana na ngozi.

Baada ya hapo ni kivuli. Natundika kitu kikiwa wazi, kimegeuzwa ndani nje inapowezekana, mahali penye upepo na paa. Wakati wa masika upepo wetu hujaa maji na kuvu huingia haraka, basi usiku nafungia bidhaa kwenye katoni pamoja na makaa makavu yaliyopondwa na kufungwa kwa kitambaa. Makaa yana vitundu vingi mno visivyoonekana, na harufu hunaswa humo. Asubuhi natundika tena.

Mafuta ya ngozi huja mwisho. Ukipaka mapema, harufu hujichanganya nayo na kubaki. Samli waliyopaka wazee siitumii, maana huchacha na kuleta harufu ya pili. Manukato ndiyo kabisa siyakubali: huficha siku chache, kisha mteja hurudi na harufu mbili.

Kisha kuna kupima. Ngozi isipimwe asubuhi ya baridi, kwa sababu harufu hulala. Ipimwe saa nane mchana, au ipashwe joto kifuani kwa muda, kwani joto na unyevu huamsha kilichobaki. Kazi isiyostahimili saa nane haijaisha, na siwezi kuipokelea malipo.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huuliza kwanza dawa ya chupa ya kuharakisha mambo. Nawaambia wajue ngozi kwanza: imetengenezwa kwa kromu au kwa gome la muwati, kama lile lililokamuliwa Eldoret kwa ajili ya viwanda vya ngozi, bitana yake ni pamba au nailoni, moshi wake ni wa wapi. Anayejua hayo hatahitaji dawa nyingi. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vifundishe pia kuokoa ngozi iliyokwisha kutumika, pamoja na kushona mpya, kwa sababu huko ndiko wenye pesa chache wanakopata kiatu kizuri. Ujuzi wenyewe tayari upo hapa kwetu, ulianza na wazee waliojua wapi pa kuwasha moto na wapi pa kuanika, na unaweza kumlisha kijana wa Butere leo bila kuagiza dawa yoyote kutoka nje.