Neno lililoanzia kwenye majani

Mwanafunzi wa isimu hakai wiki mbili chuoni kabla hajakutana na neno mofolojia, akaambiwa ni taaluma ya maumbo ya maneno. Tumelipokea kupitia Kiingereza, lakini Waingereza nao waliliazima, tena kwa mtu wa majani na mifupa.

Asili yake ni Kigiriki: morphe ni umbo, -logia ni elimu. Johann Wolfgang von Goethe, mshairi wa Kijerumani, mwaka 1784 mjini Jena alikiona kwenye fuvu la binadamu kile kifupa cha taya ambacho wataalamu wengi walisema ni cha wanyama tu. Mwaka 1790 akachapisha kitabu chembamba kilichodai kuwa petali na stameni ni jani lilelile, limegeuka tu. Elimu ya mageuzi hayo aliiita Morphologie katika shajara yake ya 1796. Mganga Karl Friedrich Burdach alilichapisha neno hilo mwaka 1800. Goethe mwenyewe hakufanya hivyo mpaka 1817.

Kwa Kiingereza lilikuwa neno la wanabiolojia. Charles Darwin alilitumia mwaka 1859 alipoonyesha kwamba mkono wetu, mguu wa farasi na bawa la popo vina mifupa ya mpangilio mmoja. Mwaka huohuo August Schleicher, profesa hukohuko Jena na mpenzi mkubwa wa mimea, akalihamishia kwenye lugha.

Kiswahili kingempa kazi. Chukua hatutawapikia: ha-tu-ta-wa-pik-i-a. Vipande saba, na kila kimoja kina zamu yake. Mwingereza angehitaji maneno sita.

Hapo ndipo ninapotilia shaka hilo jina la maumbo. Kuumba ni kukipa kitu sura, kama kiumbe kinavyoumbwa tumboni. Kuunda ni kuunganisha vipande, kazi ya fundi wa jahazi. Hatutawapikia limeundwa, ubao kwa ubao, wala hakuna ubao uliogeuka sura. Lakini tazama kitabu, katibu na maktaba, wageni wetu kutoka Uarabuni: k, t na b hazibanduki, irabu ndizo zinazobadilika katikati yake. Goethe angewatambua hao mara moja.