Mgeni hutanguliwa na habari yake
Visa vidogo vya njia katika inchi ya Kasongo na Kabambare

Wahenga walisema: Tembea uone. Sisi watu wa Lusangi tumetembea sana, na tumeona. Hakuna mtu mzima hapa kwetu asiyekuwa na kisa chake cha njia: kinga iliyopasuka tairi katikati ya pori, daraja la miti lililochukuliwa na mvua, mtumbwi uliogeuka na mzigo wa mawese, usiku uliomkuta kwa watu asiowajua. Visa hivi vinasimuliwa kwenye barza, watu wanacheka, kisha vinasahauliwa. Vitabu vya historia tulivyofundishwa navyo ku masomo havivihesabu. Vinahesabu vita, mikataba na majina ya wakubwa.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba visa vidogo vya njia ni historia pia. Tena vinatufundisha jambo moja ambalo tarehe peke yake hazifundishi: ni kwa nini kijiji kimoja kinampokea mgeni kwa maji na chakula, na kingine kinamkimbia.

1. Koti la mvua

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Mwaka 2004 tulikuwa walimu watatu vijana. Tulitoka Lusangi na kinga mbili, tunapeleka ku Kasongo orodha ya wanafunzi wetu waliojiandikisha kwa mtihani wa serikali. Kinga mbili kwa watu watatu: mmoja alikwenda kwa miguu, tukabadilishana kila kilima. Mchana mvua ikatupata. Mwenzetu mmoja alikuwa na koti la mvua la rangi ya majani makavu, alilolinunua sokoni kwenye nguo za mitumba. Akalivaa, akatangulia mbele. Alijivuna nalo sana, sababu sisi wengine tulikuwa tumejifunika majani ya ndizi.

Jua lilipokaribia kuzama tulifika kwenye kijiji ambacho hatutataja jina lake. Jikoni moto ulikuwa unawaka na chungu cha sombe kinachemka. Mchi ulikuwa bado umesimama ndani ya kinu. Lakini mtu hakuna. Tulipiga hodi mara tatu, kimya. Ndipo tukaelewa: watu wamekimbilia porini, na waliowakimbia ni sisi.

Tulikaa kwenye barza, tumelowa, tunaogopa kuliko wao. Sombe ilianza kuungua. Mmoja wetu akaona haya kuiacha hivi, akaenda kuongeza maji. Karibu saa nzima ikapita. Kisha mtoto mwanaume wa miaka kumi hivi akatokea nyuma ya nyumba, akatuangalia vizuri, akapiga kelele: «Si askari! Ni mwalimu!» Kumbe wakati wa vita alikaa kwa mjomba wake Lusangi, akasoma kwetu mwaka mmoja. Watu wakarudi mmoja mmoja, wamama wamebeba watoto mgongoni. Mzee wa kijiji akaja kuketi nasi, akalitazama lile koti kwa muda, akasema: «Wanangu, sisi hatukuwakimbia ninyi. Tulikimbia koti. Waliovaa vile wamekwisha kupita hapa mara nne.»

Hatukuwa na neno la kujibu. Vita vya 1998 hadi 2003 vilikuwa vimekwisha kwenye karatasi, lakini mu njia vilikuwa bado. Usiku ule tulikula wali na ile sombe yenye harufu ya moshi, na mwenye chungu alitushukuru kwa yale maji. Asubuhi mwenzetu alikunja koti lake, akalifunga chini ya mzigo, akalowa paka Kasongo.

2. Mji wa bwana wa kasuku

Miaka ikapita. Siku moja, tulipokuwa tunatayarisha somo juu ya wasafiri wa zamani, tulikuta kisa kinachofanana na chetu kama mapacha. Kilimpata David Livingstone, na kilimpata katika inchi hii hii. Lakini ili kieleweke, yafaa kwanza tuone jinsi alivyopokelewa.

Livingstone alifika Kabambare, mahali alipoandika «Bambarre», tarehe 21 mwezi wa 9 mwaka 1869. Mji ulikuwa wa Mwenekusu, maana yake bwana wa kasuku, wale kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu. Mwenyewe alikuwa amekufa karibuni, na wanawe wawili walikuwa wameshika nafasi yake. Mgeni yule alikuwa amekwisha kuona sehemu nyingi za Afrika, lakini vijiji vya Maniema vilimshangaza. Aliandika kwamba nyumba zimepangwa kwa mstari, na kwamba mara nyingi barabara za vijiji zinaelekea kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua likaushe haraka unyevu wa mvua. Kwenye ncha za barabara aliona nyumba za mikutano ya watu wote. Wanafunzi wetu wanapenda sana kusikia habari hii. Wanauliza: kumbe barza ni ya zamani hivi? Ndiyo, ni ya zamani hivi.

Mwaka 1870 watu wake wengi walimwacha, akabaki na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Alijaribu kuendelea nao, lakini miguu ikaota vidonda vibaya. Mwezi wa 7 akarudi Kabambare, akakaa pale karibu miezi saba, hawezi kutembea, mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871. Hata karatasi ya kuandikia ilimwishia. Akachukua magazeti ya kwao ya zamani, akaandika juu yake, akikata mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa na mimea ya hapa kwetu. Wino ule ulififia kiasi kwamba kwa muda mrefu kurasa zile zilikuwa karibu hazisomeki. Ni mwaka 2011 ndipo wataalamu waliweza kutoa maandishi yake, kwa kuzipiga picha za mwanga wa namna mbalimbali.

Tunapenda kusimama kidogo hapo. Wino wa magazeti yale ulitoka katika pori letu. Mgonjwa yule alikaa katikati ya watu wetu. Kuni, maji na chakula cha miezi saba havikuanguka kutoka mbinguni. Majina ya waliovileta hayakuandikwa. Hayo ndiyo mambo ambayo mwalimu anapaswa kuwaambia watoto: nyuma ya kila msafiri mwenye jina kuna mama asiye na jina aliyechota maji.

3. Kuku wa Nyangwe na koti jekundu

Mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Alidhani mto ule ni Nile, akataka kuufuata. Kwa miezi mingi aliomba mtumbwi, hakupata. Wenye mitumbwi waliwaogopa wageni wenye bunduki, naye alionekana kuwa mmoja wao.

Tarehe 15 mwezi wa 7 soko la Nyangwe lilijaa watu, wengi wao wamama waliovuka mto na bidhaa zao. Watu watatu wenye bunduki wakaingia sokoni. Mmoja akaanza kubishana juu ya bei ya kuku. Kuku mmoja! Kisha bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwi, wakakanyagana, wengi wakajitupa mtoni na kuzama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji vilikuwa vinawaka moto. Livingstone aliyaona haya kwa macho yake, na habari aliyoiandika ilisomwa sana Uingereza ilipofika. Wazee wetu wanaoeleza juu ya Watambatamba hawahitaji gazeti kuyakumbuka.

Livingstone akageuka, akashika njia ya kurudi Kabambare na Ujiji. Tarehe 8 mwezi wa 8, kwenye njia nyembamba ndani ya msitu, mkuki ulirushwa kutoka majanini, ukapita karibu kugusa mgongo wake. Wa pili ukapita mbele yake, kama futi moja tu. Baadaye kidogo mti mkubwa ukaanguka. Akasikia mlio, akaruka nyuma, na mti ukaanguka karibu naye kabisa. Mara tatu kwa siku moja aliponea chupuchupu. Na sababu? Wenyeji walikuwa wamekwisha kumwona akiwa na koti jekundu. Kwao koti lile lilikuwa ushahidi kwamba ni yeye aliyetuma watu kuua na kuteka ndugu zao.

Tuliposoma hayo tuliweka kitabu chini, tukaangaliana. Koti jekundu mwaka 1871, koti la rangi ya majani makavu mwaka 2004. Kati yao kuna miaka 133, lakini kisa ni kimoja. Waliorusha mikuki hawakuwa watu wabaya, kama vile wale waliotuachia chungu jikoni hawakuwa wachoyo. Walijibu yaliyotendwa na waliotangulia. Mgeni hafiki peke yake: habari ya waliopita mbele yake imekwisha kufika.

4. Mtumbwi, bunduki na sarafu

Baada yake alikuja Cameron, Mwingereza mwingine, aliyefika Nyangwe mwaka 1874. Naye alitaka mtumbwi. Alikuwa tayari kulipa, lakini wenye mitumbwi walitaka walipwe watumwa, wakakataa simbi. Ndivyo biashara ile ilivyokuwa imekwisha kuharibu bei ya kila kitu. Cameron alikataa kulipa mtu kwa chombo, akakosa mtumbwi, akaiacha safari ya mto.

Mwaka 1876 alipita Stanley. Ku Kabambare alikuta watu wanamkumbuka Livingstone kwa wema, jinsi alivyowakinga mara nyingi na ukali wa Waarabu. Basi, habari inayotangulia inaweza kuwa njema pia. Aliyerushiwa mikuki sababu ya makosa ya wengine aliacha nyuma yake jina lililomsaidia mwingine.

Stanley alikutana na Tippu Tip karibu na Kasongo. Tippu Tip mwenyewe alieleza mkutano ule kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake, na kuna mahali panachekesha. Stanley alimwonyesha bunduki, akamwambia inatoa risasi kumi na tano. Tippu Tip hakuamini; akamwomba aipige waone. Mzungu akasema risasi zake ni ghali. Basi Tippu Tip naye akajibu kwamba huko mto Lomami kuna upinde unaotoa mishale ishirini kwa mara moja, na watu ishirini wanakufa. Ndipo Stanley akatoka nje, akapiga risasi kumi na mbili. Wasafiri wawili wakubwa, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwongo!

Kisha likaja swali la njia: kufuata Lualaba kuelekea kaskazini, au kwenda kusini, Katanga? Stanley na mwenzake Frank Pocock walirusha sarafu. Mara sita mfululizo sarafu ikasema kusini. Wakajaribu kwa vijiti: kusini tena. Wakaenda kaskazini. Tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 1876 waliondoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip. Mwaka uliofuata Stanley alifika Boma, karibu na bahari, Pocock hakufika. Alizama katika maporomoko ya mto tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 1877. Hatusemi kwamba sarafu inajua kitu. Tunasema tu kwamba kisa cha dakika tano kando ya moto kiliamua kifo cha mtu, na baadaye kikafungua mto kwa wakoloni.

5. Sisi tunatangulia nani?

Njia zimebadilika. Kufikia mwaka 1911 reli iliunganisha Kindu na Kongolo, na mtu wa Kasongo akajifunza kushukia Samba, kisha kuvuka Lualaba ili afike nyumbani. Yakaja malori, zikaja kinga, sasa pikipiki. Lakini mvua, tope na mito ni vile vile, na usiku ukikukuta mbali na kwenu, bado unahitaji mlango wa mtu.

Wazee wetu walitufundisha kumpa mgeni maji na kiti kwanza, na kuuliza shida yake baadaye. Siku hizi tunaona kamba zimefungwa mu njia, na vijana wetu wenyewe wanasimamisha mwenye kinga na mama mwenye kikapu, wanadai pesa kabla ya kusalimia. Mmoja tuliyemfundisha zamani alitusimamisha hivyo. Alipotutambua aliona haya, akashusha kamba: «Pita, Mwalimu.» Tukamuuliza: «Na asiyekuwa mwalimu wako?» Akainama.

Ndugu wasomaji, swali lile lile tunawaachia ninyi. Kila tunapopita, tunaacha kitu nyuma yetu, na anayetufuata atakikuta. Wale wenye bunduki wa Nyangwe waliacha mikuki ndani ya msitu. Livingstone, pamoja na vidonda vyake, aliacha salamu njema ku Kabambare. Mtoto yule wa 2004, ambaye leo ni baba wa watu, aliwarudisha wenzake kutoka porini sababu mwaka mmoja tu alikaa vizuri katika kijiji cha wengine. Tuwaulize wazee visa vyao vya njia, tuviandike wakati wangali hai. Na siku mgeni atakapopiga hodi amelowa, tuangalie uso wake kwanza, koti baadaye.