Hospitali Kongwe za Wilaya na Safari Ndefu ya Kupata Fungu la Serikali

Hospitali nyingi za wilaya ambazo Tanganyika ilirithi mwaka 1961 zilijengwa mjini karibu na boma la utawala, zikiwa na wodi chache, chumba kimoja cha upasuaji na maabara ndogo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao milioni 12 nchini Tanzania. Ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Katika wilaya nyingi za vijijini majengo yaliendelea kuwa yaleyale, yakiongezewa chumba huku na ukumbi kule, hadi wajawazito wakalala wawili kitanda kimoja. Uhaba wa fedha ni sehemu tu ya sababu. Sehemu kubwa zaidi ni kwamba mipango ya afya, awamu baada ya awamu, ilitanguliza maeneo yasiyo na huduma kabisa, na hospitali iliyochakaa ikahesabiwa kuwa ipo.

Msimamo huo ulikuwa na misingi ya haki. Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Richard Titmuss, mtaalamu wa sera za jamii kutoka Uingereza, ilitoa taarifa kuhusu huduma za afya za Tanganyika na kusisitiza kinga pamoja na vituo vya afya vijijini. Azimio la Arusha la 1967 liliipa hoja hiyo nguvu ya kisiasa. Mpango wa Pili wa Maendeleo, 1969 hadi 1974, uliweka lengo la kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000 na zahanati moja kwa watu 10,000. Vituo vya afya vya vijijini, ambavyo mwaka 1961 vilikuwa 22 tu, vilizidi 200 kufikia 1980. Hayo ni mafanikio makubwa kwa nchi maskini. Hata hivyo, wagonjwa walioshindikana katika vituo hivyo vipya walipewa rufaa kwenda hospitali ileile ya zamani, ambayo bajeti yake ya majengo haikukua kwa kasi hiyo.

Pale ambapo hospitali ya serikali haikuwepo, serikali iliingia makubaliano na makanisa, na hospitali za misheni kama Sengerema na Biharamulo zikateuliwa kuwa hospitali za wilaya, huku serikali ikichangia mishahara na gharama za uendeshaji. Usimamizi nao uliyumba: serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa katikati ya miaka ya 1980, wakati uchumi umedorora na matengenezo yamesahauliwa. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za umma. Mfuko wa pamoja wa wahisani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ulizisaidia halmashauri, lakini zaidi kwa dawa, usimamizi na uendeshaji. Haukuwa mfuko wa kujenga hospitali.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulianza 2007 kwa shabaha ya zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata na hospitali kila wilaya. Wananchi walichanga mawe, mchanga na nguvu zao, wakainua maboma, yaani kuta zisizoezekwa, na kungoja serikali ipaue na kumalizia. Wilaya yenye hospitali kongwe ilionekana imekwisha kufikia lengo, hata kama paa la hospitali hiyo linavuja.

Ombi la kujenga upya lina njia yake. Hoja hupita kwenye vikao vya kata, huingia katika mpango kabambe wa afya wa halmashauri, hupitishwa na Baraza la Madiwani, kisha hupanda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Hazina kabla ya Bunge kupitisha bajeti. Andiko lenye nguvu hubeba takwimu za wagonjwa kutoka MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), tathmini ya mhandisi kuhusu majengo, makadirio ya gharama na uthibitisho wa umiliki wa ardhi. Hata andiko bora hukwama kwenye ukomo wa bajeti ambao halmashauri hupangiwa. Ndiyo maana swali la lini serikali itaikarabati hospitali ya jimbo fulani limekuwa la kawaida bungeni: mbunge anatafuta nafasi ambayo ukomo ule haukuitoa.

Badiliko kubwa lilikuja katika mwaka wa fedha 2018/19, serikali ilipotenga Sh bilioni 100.5 kwa hospitali mpya 67 za halmashauri, Sh bilioni 1.5 kwa kila moja. Awamu ya kwanza ilikuwa na majengo saba: utawala, wagonjwa wa nje, maabara, mionzi, stoo ya dawa, kufulia na wodi ya wazazi. Ujenzi ulitumia utaratibu wa force akaunti, ambapo halmashauri hununua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi chini ya kamati zake. Gharama ilipungua, lakini pale usimamizi ulipokuwa dhaifu kazi ilichelewa, na fedha isiyotumika hadi 30 Juni ilikuwa hatarini kurudi Hazina. Fedha hizi pia zilifuata halmashauri zisizo na hospitali. Wilaya ilipogawanywa, kama ilivyokuwa Kondoa, hospitali ya zamani ilibaki upande wa mji, na upande wa vijijini ndio uliohesabika kuwa hauna hospitali.

Ni katika bajeti za miaka ya 2020 ndipo ukarabati wa hospitali kongwe za halmashauri ulipopata fungu lake, na baadhi ya halmashauri zikapokea Sh milioni 900 za kuanzia. Kiasi hicho hakitoshi kubadilisha hospitali nzima, kwa hiyo kazi huenda kwa awamu, kwa kawaida ikianza na majengo yenye msongamano mkubwa. Ugumu wake ni tofauti na wa kiwanja kitupu: wodi haivunjwi kabla wagonjwa hawajapata pa kuhamia, na umeme, maji na oksijeni havina budi kuendelea wakati wote. Kila awamu inayofuata hurudi tena kwenye ukomo wa bajeti, na halmashauri isiyo na mapato ya ndani ya kutosha hungoja mwaka mwingine wa fedha, nusu ya hospitali ikiwa mpya na nusu ya zamani.